Mkono Aliolalia Paka

Mimi kazi nilianzia ndani ya gunia. Usidhani natia chumvi. Gunia kubwa la pamba linaning'inizwa kwenye miti, mtu anaingia ndani, wenzake wanamwagia pamba juu yake naye anaikanyaga kwa miguu mpaka igande kama jiwe. Anapanda nayo taratibu mpaka kichwa kinatokeza juu, nywele nyeupe, kope nyeupe, anakohoa. Pale Lalago hakukuwa na mkanyagaji wa kunifikia, na nilikuwa nimeishia darasa la tatu. Leo nina malori manne, nina maghala mawili, nina nyumba ya kulala wageni hapa Bariadi yenye maji ya moto kila chumba. Fika stendi uulize, utaonyeshwa. Sikurithi ng'ombe hata mmoja. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye ninayemwandika hapa.

Mke wangu alimaliza darasa la saba. Tulipooana mimi nilikuwa nasaini kwa dole gumba, ya darasa la tatu yalikuwa yameshanitoka. Yeye akasema haiwezekani, mwanamume mzima kuchovya kidole kwenye wino kama mtu aliyeiba. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa ananikalisha mezani, anasimama nyuma yangu, anaweka mkono wake wa kulia juu ya wangu, tunaandika jina langu. Nilikuwa nakandamiza mpaka karatasi inatoboka.

"Wewe! Unalima?" ananiambia. "Legeza mkono. Niachie mimi."

Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulikuwa unanukia vitunguu. Kila herufi ninayoandika hapa imetoka kwenye mkono ule.

Mkono ule ndio uliokufa.

Ilikuwa asubuhi, anapepeta mchele, ungo ukamponyoka. Akabaki anautazama mchele chini kama umemwagwa na mtu mwingine. Nilipofika mdomo ulikuwa umeshapinda. Hospitali wakasema ni kiharusi, upande wote wa kulia. Baada ya majuma kadhaa maneno yalirudi, mazito kidogo, na utani wake ukarudi nayo. Mguu nao ukarudi nusu, akawa anatembea kwa mkongojo, anakwenda mwenyewe mpaka chooni, mpaka getini kununua mboga. Mkono haukurudi. Ulikaa mapajani mwake kama mzigo wa mtu aliyesema nishikie hapa nakuja.

Nikamwambia, huo nitaurudisha mimi. Nilisema hivyo mbele ya ndugu zake, na mbele ya wanunuzi wenzangu wa pamba nikaongeza: kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa, mama huyu atashika kalamu. Nilikuwa sijawahi kutamka jambo likashindikana.

Mtaani kwetu kuna nesi mstaafu. Kazi yake hospitali ilikuwa kuwanyoosha watu waliovunjika na waliopooza. Marehemu mume wake alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu kama yeye, na wote wawili walikuwa wakiuza mashudu ya pamba nyuma ya soko. Alipofariki, yule mama akalifagia lile ghala la mashudu, akatandika mikeka, akaanza kuwafundisha watu kujinyoosha na kupumua, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mazoezi hayo yeye mwenyewe aliyaita yoga. Mtaa uliyaita mazoezi ya kulala. Wengine wakasema ni ibada ya Wahindi. Nilikwenda kumuuliza katekista wetu, akafikiri, akasema, "Kunyoosha mgongo si kuabudu. Ila mkiambiwa muimbe, ondokeni."

Hatukuambiwa tuimbe. Tulichokikuta ni paka.

Walikuwa wanane au tisa. Ghala la mashudu lina panya, na penye panya paka wanajileta. Mashudu yaliondoka, panya wakaondoka, paka wakabaki, nesi akawa anawapa dagaa na kuzungumza nao kama wapangaji. Walilala juu ya mikeka, madirishani, juu ya viatu vyetu mlangoni. Mmoja, jike, rangi ya udongo na nyeupe, sikio moja limekatika nusu, nilimtambua. Alikuwa wa ghalani kwangu. Mimi paka wangu ni wafanyakazi. Asiyeshika panya haongezewi siku. Huyo hakuwa anashika, nikamwambia mlinzi amtupe nje ya ukuta, na mlinzi alimtupa kweli. Kumbe alivuka barabara tu.

"Mwangaluka, nesi," nilisema siku ya kwanza, kwa salamu yetu ya asubuhi. "Nimemleta mgonjwa. Nije kumchukua saa ngapi?"

"Mwangaluka, baba. Huji kumchukua. Unabaki. Vua viatu, lala pale."

"Mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa. Mkono wa mwenzako unataka mtu wa kuubeba. Nakufundisha kubeba."

Nikacheka. "Kubeba? Mayu, mama yangu, muulize yeyote hapa Bariadi nimebeba nini na nini maisha yangu."

"Ndiyo maana nakufundisha," akasema, akanipa mto.

Pembeni kulikuwa na dereva mstaafu wa mabasi, mgongo wake umeliwa na barabara, mtu mcheshi. Nilipolala, yule paka wa nusu sikio akaja akanipanda tumboni, akaninusa kidevu, akashuka.

"Tajiri," dereva akasema, macho amefumba, "huyo amekuja kudai mafao yake."

Ghala zima likacheka, mke wangu kuliko wote.

Mazoezi yenyewe, kwa kweli, yalinitia hasira. Unainua mikono unavuta pumzi, unaishusha unatoa pumzi. Unageuza shingo polepole kama mtu aliyeitwa na hataki kuitika. Unapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso linagusa mkeka. Kisha mwishoni mnalala chali wote, hamfanyi kitu, robo saa nzima. Hapo ndipo paka walikuwa wanakuja, kila mmoja na mtu wake. Nilikuwa nahesabu mbao za paa. Mwenzangu alikuwa anatulia hadi sura inarudi ya zamani.

Kuhusu mkono, nesi alinifundisha mambo mawili na aliyarudia kila siku. Nikiubeba niubebe kwa chini, kiganja kimoja kwenye kiwiko na kingine kwenye kifundo, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Na usivutwe, wala usiachwe kuning'inia. Akikaa, mto chini ya mkono. Akisimama, mkono ufungwe kwa kanga shingoni.

"Nyama za bega lake zimelala," alisema. "Hazishikilii kitu. Mkono wake mwenyewe ni mzito kwake. Umenielewa, baba?"

Nilisema nimeelewa. Naandika hili ili isije ikasemwa sikuambiwa.

Kuna Alhamisi moja tumelala chali, kimya, mvua imekatika muda si mrefu. Nikageuza kichwa. Paka wa nusu sikio alikuwa amejikunja ubavuni kwa mke wangu, kidevu chake kimelala ndani ya kile kiganja kilichokufa. Na nikaona kidole kidogo kimejikunja. Mara moja. Kikanyooka.

"Umeona?" nikapiga kelele. "Nesi! Kimetikisika!"

Paka akaruka mpaka dirishani. Watu waliinuka. Nesi akapiga magoti, akaweka kidole chake kwenye kiganja, akasubiri. Mke wangu akakaza uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kidole kikajikunja tena.

"Kipo," nesi akasema. "Kidogo, lakini kipo. Sasa ndiyo tunakwenda polepole zaidi."

Mimi nilisikia kipo. Hayo mengine sikuyasikia. Nilitoka pale nikazunguka soko zima. Nilinunua sato mkubwa wa Kalemela, kule ziwani, nikamtuma mtu ampelekee nesi, kichwa na mkia viwe vya paka. Nikawatangazia watu wote: mnaona? Nilisema mimi.

Majuma yakapita. Kidole kilijikunja, kikanyooka. Siku nyingine mara tatu, siku nyingine hakuna. Cha pili yake kikaanza kama kutetemeka. Msimu ulikuwa unakaribia, malori yangu yako kwa fundi, na kila niliyekutana naye aliniuliza, "Vipi mama, ameshashika kalamu?" Mwingine aliuliza kwa wema, mwingine alikuwa ananipima. Nikawa nalala na kuamka na kile kidole.

Nilikulia nyuma ya ng'ombe wa watu. Dume likishahasiwa, ili liwe maksai wa kulimia, hulipeleki shambani siku ya kwanza. Unalifunga nira ubavuni mwa maksai mzee, unafunga gogo nyuma, linaburuta. Leo gogo dogo, kesho kutwa kubwa zaidi. Shingo inauma, inavimba, halafu inakaza. Nimefundisha maksai wengi kwa njia hiyo na hakuna hata mmoja aliyenishinda. Nikajiambia, nyama ni nyama. Nyama iliyolala inaamshwa na mzigo.

Nilichukua jiwe la mizani la kilo moja. Nilichana kipande cha kanga kuukuu ili kamba isimkate. Alikuwa amekaa kibarazani mchana, mkono uko juu ya mto.

"Nesi amekataza usining'inie," akasema alipoliona.

"Nesi hajawahi kufundisha maksai."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa maksai."

"Mbona wewe ulinifundisha mimi, nilikuwa nani?"

Akacheka. Halafu akafanya kitu ambacho nakiona mpaka leo. Aliushika ule mkono wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akauinua kutoka kwenye mto, akanipa. Mwenyewe. Nikamfunga jiwe kwenye kifundo, nikauachia ukaning'inia pembeni ya kiti.

Siku ya kwanza dakika chache. Siku ya tatu zaidi. Alisema bega linawaka. Nikamwambia ni dalili nzuri, linaamka. Tulikuwa tunakwenda darasani kama kawaida, tunavuta pumzi, tunatoa, nesi akigusa bega anauliza mbona lina joto, mke wangu anasema amelilalia. Tukirudi nyumbani nafunga jiwe. Juma la pili nikaleta la kilo mbili.

Siku hiyo hakupiga kelele. Nilisikia mimi, maana nilikuwa nimechuchumaa karibu: sauti ndogo, kama kitambaa kinachanika ndani ya sanduku. Akafumba macho. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Fungua," akasema.

Nikasema, "Bado kidogo."

Nimewaambia watu wengi mambo mengi katika maisha yangu, nimewafokea wabebaji na nimebishana na mabwana wakubwa ofisini kwao. Hakuna neno langu ninalolisikia kama hayo mawili. Sikumbuki zilipita dakika ngapi. Nilipofungua, bega lilikuwa limeshuka, chini ya ngozi pana shimo la kuingia vidole viwili.

Daktari alilirudisha bega, likatoka tena. Akasema kano zimechanika, na kwa mtu aliyepooza hakuna nyama ya kulishikilia. Akaufunga mkono kifuani. Kidole kidogo, nilikuwa nakitazama muda wote. Hakikujikunja tena. Hakijajikunja mpaka naandika hapa.

Tuliporudi darasani nesi alisimama mlangoni, hakutupa hata salamu.

"Ilikuwaje?"

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Kweli nilikuwa nimeufungua. Mke wangu akawahi.

"Nilianguka. Bafuni."

Na mimi nikaufunga mdomo.

Sasa sikiliza uongo ule ulifanya nini. Nesi aliuamini, na kwa kuwa aliuamini alifanya kazi yake. Mgonjwa anayeanguka hatembei peke yake. Akachukua mkongojo, akauegemeza nyuma ya mlango. Akamweka kwenye kiti ukutani, mazoezi yake yakawa ya kuketi. Akanipa masharti: asisimame bila mtu, asiende chooni bila mtu, getini asifike. Mwanamke aliyekuwa ameshaanza kubishana na muuza mboga akarudi kuongozwa kama kipofu. Kila akitaka kwenda haja ananiita, na mimi namshika kiuno, na wote wawili tunajua kwamba hakuanguka. Hakunilaumu. Alikuwa anasema tu, "Haya, twende, mwenye malori." Mguu ule uliopona nusu ukaanza kulegea kwa kukaa.

Juma la kwanza nilijiambia nitasema Alhamisi. Alhamisi nikajiambia Jumanne.

Yule paka hakuacha kuja. Mke wangu akiwa kwenye kiti, mkono uko juu ya mto mapajani, paka anapanda, anazunguka mara mbili, anaulalia ule mkono kama kitanda chake. Mimi nikashika hapo. Nilikuwa sina kingine cha kushika. Jumanne moja, watu wamelala chali, nikamnong'oneza nesi, "Unaona, mayu? Mnyama anajua. Ungekuwa umekufa asingeulalia. Bado uko hai ule mkono."

Nesi alinitazama, uso wake haukuwa mkali.

"Baba," akasema, "anaulalia kwa sababu hautikisiki. Paka hapendi kusumbuliwa. Mkono wangu wa kulia angeukimbia."

Nilibaki nimekaa pale. Nikakumbuka siku kidole kilipojikunja, paka alivyoruka dirishani. Nilikuwa nimedhani alikimbia kelele zangu.

Nikasimama. Nilisema kwa sauti ile ninayotumia kwenye mizani, sikuwa na nyingine. "Hakuanguka. Mimi nilimfungia jiwe. Kilo mbili. Akaniambia fungua, nikasema bado kidogo."

Watu wakainuka mmoja mmoja kwenye mikeka. Nilimtazama dereva, nilitaka aseme kitu cha kuchekesha. Alikuwa anatazama soksi zake.

Nesi alikwenda nyuma ya mlango, akachukua mkongojo, akaufuta vumbi kwa kanga yake, akaupeleka kwa mke wangu na kumwekea kwenye mkono wa kushoto.

"Mama, kwa nini hukusema? Nimekukalisha bure siku zote hizi."

Mke wangu alikuwa anamsukuma paka ashuke.

"Ana jina hapa mjini," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuliandika."

Akasimama. Mguu ulitetemeka, akasubiri, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Hakuna aliyempigia makofi.

Nilidhani nesi atanifukuza, na ningeondoka. Badala yake alinionyesha mkeka. "Lala. Na wewe mama, njoo ukae karibu yake. Mshike mkono wa kulia, kwa chini, kama nilivyomfundisha yeye."

Nikalala. Mke wangu akaketi kwenye kigoda, akaweka kiganja chake cha kushoto chini ya kifundo changu, akauinua mkono wangu juu.

"Mwachie uzito wote," nesi akaniambia. "Usimsaidie."

"Nimeuachia."

"Legeza mkono," mke wangu akasema. "Niachie mimi."

Nikasema nimekuachia, na nilikuwa naamini hivyo. Akaondoa kiganja chake. Mkono wangu ukabaki hewani, umesimama peke yake kama mti wa bendera, na mimi nimelala chini yake nauangalia. Nilikuwa sijui kama nimeushikilia.

"Unaona," akasema. "Hujaniachia hata kidogo. Miaka yote hiyo, na kalamu ilikuwa hivihivi."

Msimu ulifunguliwa. Mzigo ulikuwa mzuri, malori yangu yalikuwa ya kwanza kutoka Maswa, na wenzangu waliponiuliza habari za kalamu niliwajibu kwamba mkono hautarudi na aliyeuharibu ni mimi. Wengine walidhani ni unyenyekevu, maana hawajazoea kusikia kutoka kwangu. Daktari ameshasema tuache kusubiri, tuutunze usiume tu. Unauma mvua ikikaribia. Usiku anaugeuza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, haniamshi.

Ameanza kuandika kwa kushoto. Herufi zake zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Sikusimama nyuma yake kumshika mkono. Nilimuuliza kama anataka, akasema hapana.

Jumanne na Alhamisi bado tunakwenda. Anainua mkono wangu, anauachia, unabaki juu. Siku moja ulishuka kidogo, nikafurahi, na kwa kufurahi nikaukaza tena. Juzi ulibaki hewani muda mrefu kuliko siku zote, dereva mstaafu akahesabu kwa sauti mpaka akachoka. Paka wa nusu sikio alitoka dirishani, akapita chini ya mkono wangu bila kuutazama, akaenda kulala kwenye wa mke wangu.